Watu Arobaini na Watatu, Mkono Mmoja

Wa kwanza kuja alikuwa Gwakisa, na alikuja anakimbia. Kijana yule tangu kidato cha kwanza hajawahi kufika mahali popote kabla ya wenzake, kwa hiyo mbio zake peke yake zilinitia wasiwasi.

"Dada Atu," alisema, ameshika fremu ya mlango wa steshenari yangu, maji ya mvua yanamchuruzika kwenye kidevu. "Nimepata."

"Umepata nini? Futa miguu kwanza."

Alifuta miguu, kisha akanipa simu nisome mwenyewe. *Hongera, Gwakisa Mwakibete. Mgao umekupangia Uwakilishi, msimbo 000. Usafiri ni kesho Alhamisi, saa saba mchana, uwanja wa shule. Njoo bila mzigo.*

Mimi nawajazia watoto wa Tukuyu maombi ya vyuo kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Kozi zote nazijua kwa misimbo yake: za ualimu, za mifugo, za udongo, hata ile ya kufuga samaki kwenye matangi ambayo hakuna mtu wa huku aliyewahi kuiomba. Msimbo 000 sikuwahi kuuona. Lakini mtoto wa watu alikuwa ananitazama anasubiri nifurahi, basi nikafurahi. Nikamshika mkono, nikampa kikombe cha chai.

"Uwakilishi wa nini lakini?" nilimuuliza.

"Sijui. Ila namba yenyewe iko mwanzo kabisa, Dada. Si lazima iwe kitu kikubwa?"

Hajamaliza ile chai, akaingia Bupe, binti wa fundi baiskeli. Msimbo 000. Anyisile na binamu yake walikuja pamoja chini ya mwavuli mmoja, wanacheka, kila mmoja na simu yake. 000, na 000. Kufika saa sita mchana walikuwa wameshapita kumi na tisa, na mimi nilikuwa nimeacha kucheka zamani. Nilichukua daftari langu ambalo huwa naandika majina ya niliowajazia, nikahesabu. Mwaka huu walikuwa arobaini na watatu. Nikampigia katibu muhtasi wa shule, kule ambako wanafunzi wengine walijaza wenyewe kwenye chumba cha kompyuta. Akaniambia wake wamepata kilimo, wamepata uuguzi, wamepata ufundi, wamepata vitu vya kueleweka.

Ni wangu tu. Kila aliyekaa kwenye kigoda kile pembeni, mimi nikiwa kwenye kiti hiki.

Niseme ukweli nilivyofanya, maana kuficha hakunisaidii tena. Zamani mambo yalikuwa mepesi. Unaandika kozi tano unazozitaka, mashine inapima alama zako, unapata au hupati, unalia siku mbili, unaomba dirisha la pili. Mwaka huu Baraza la Mgao likafuta kuchagua. Walisema watoto wanachagua vitu wasivyovijua na nusu yao wanaacha njiani. Sasa Mgao wenyewe unakuhoji saa nzima, maswali mia mbili kwenye skrini, halafu unakupangia. Unaomba mara moja tu maishani. Tangazo lilisema mwombaji ajibu mwenyewe, na atakayejibiwa na mtu mwingine jina lake litafutwa moja kwa moja.

Mimi nililielewa hivi: yeye ajibu, mimi niandike. Hapa kwetu ndivyo tulivyo. Mtu akitaka barua ya kwenda kwa mkuu wa wilaya anakuja kwangu, anasimama pale, ananieleza maneno mawili matatu, kisha anasema, "Malizia unavyoona wewe." Mwenye shamba, mwenye kesi ya mpaka, hata bwana harusi. Watoto nao walikuja hivyo hivyo. Waliweka kidole gumba kwenye kisomeo ili Mgao uwatambue, wakakaa kwenye kigoda, nami nikavuta kibodi. Wao wanachapa kwa kidole kimoja kama kuku anadonoa, mimi nachapa bila kuangalia. Walikuwa wananiambia jibu, mimi nalinyoosha. Nililinyoosha sana, nakiri. Mengine niliyaandika kabla hawajafungua mdomo, kwa sababu nawajua tangu wanabebwa mgongoni.

Tusekile alikuja saa nane, ametoka kuchuma mboga. Ni mtoto wa dada yangu aliyeolewa Songea, nakaa naye tangu yuko darasa la tano, na kama nina mtoto duniani basi ni huyo. Hakukimbia. Aliweka kapu chini, akaweka simu juu ya kaunta, akaigeuza inielekee.

"Mama mdogo, mbona wote?"

"Sijui."

"Unajua."

Nilijitia kupanga karatasi. Nilijua, au nilianza kujua, kwa sababu nilikumbuka swali la sitini na moja. *Unaogopa nini?* Siku ile aliniambia, "Damu. Na kukaa na watu wanaolia." Mimi nilikuwa nimeshamwona kichwani mwangu amevaa gauni jeupe, anapita wodini, watu wanamwita sista. Nikaandika: *Ninaogopa kumwona mgonjwa anateseka wakati ningeweza kumsaidia.* Aliisoma begani kwangu, akanyamaza. Nilidhani amekubali.

"Wanasema tuje bila mzigo," alisema Tusekile. "Mtu anakwenda chuo bila hata ndoo, bila blanketi? Kuna chuo cha hivyo?"

Niliogopa, na sikuona haya kuogopa. Nikisema nimewajazia, majina arobaini na matatu yanafutwa, na la huyu likiwemo. Nikinyamaza, kesho wanapanda gari kwenda mahali ambapo hawatahitaji blanketi.

Nikapiga namba ya msaada ya Mgao. Sauti ya mwanamke, tulivu, ikauliza napiga kwa ajili ya nani.

"Kwa niaba ya Gwakisa Mwakibete," nilisema. "Mimi ni dada yake. Nataka tu kujua hiyo kozi ni ya nini."

"Asante, Atupele," ilisema ile sauti. "Mtu yuko njiani."

Simu ikakatika. Jina langu sikuwa nimelitaja.

*

Bwana Chiponde alifika Alhamisi saa mbili unusu asubuhi, mwanamume wa miaka hamsini hivi, sweta la kijivu, mwavuli mkubwa mweusi. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akaomba chai. Hakuwa na askari wala makaratasi. Alikunja mwavuli, akaegesha kibao chembamba cha kioo juu ya kaunta yangu, kati ya kalamu na bahasha, akakigusa kikawaka.

Kulikuwa na mistari ya mawimbi, mmoja chini ya mwingine, mingi. Pembeni mwa kila mstari kulikuwa na jina. Gwakisa. Bupe. Anyisile. Tusekile.

"Unaona nini, mama?" aliuliza.

"Mistari."

"Inafanana?"

Ilifanana. Ungeichukua ukaipanga mmoja juu ya mwingine, ungeona mstari mmoja tu.

"Huo ni mwendo wa vidole," alisema. "Umesita wapi, umefuta nini, umerudi nyuma mara ngapi, umebonyeza kwa nguvu gani. Kila mtu ana wake, na mtu hawezi kuuficha kwa sababu haujui."

"Na majibu yenyewe?"

"Majibu hayasomwi."

Nilidhani sikumsikia. Nilikuwa nimekaa saa arobaini na tatu nikinyoosha maneno ya watoto wa watu, naweka nukta, naondoa makosa, nachagua neno zuri nafuta baya.

"Yanasomwa na nani basi?"

"Hayasomwi na mtu wala na mashine, mama. Maneno kila mtu anayo. Kila mwombaji anaandika kwamba anaipenda nchi yake na anataka kuisaidia jamii. Mgao ungesoma hayo ungewapeleka wote chuo kimoja." Alitabasamu kidogo. "Swali linawekwa ili mtu asite. Tunapima kusita kwake. Ukiuliza mtu anaogopa nini, wengi wanasita sekunde kumi na moja, kumi na mbili. Humo ndimo tunamwona. Sasa hapa," akagusa mistari, "hakuna aliyesita hata sekunde moja. Swali kama hilo, mara arobaini na tatu."

"Kwa hiyo mnajua ni mimi."

"Tulijua mchana wa jana. Mgao ulikuwa haujui. Uliona watu arobaini na watatu wanaojua jibu kabla ya kuulizwa, ukafurahi, kama mashine inaweza kufurahi. Ndiyo maana ukawapangia Uwakilishi."

"Uwakilishi ni kitu gani?"

Alikoroga chai, ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Kila mwaka vijana laki nane wanahojiwa. Saa nzima kila mmoja. Foleni, umeme unakatika, wengine hawaelewi swali, wengine wanalia katikati. Mgao unatafuta watu wa kukaa na kujibu kwa niaba yao. Wanakaa kwenye ukumbi, wanaletewa jina na picha, wanajibu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Mgao ujifunze kujibu wenyewe."

"Na wakishamaliza wanarudi?"

"Bado hatujapata anayefaa, kwa hiyo sijui." Akanywa. "Hawa wako hawatafaa. Leo jioni watawekwa mbele ya kibodi, Mgao utaona vidole si vile, utauita udanganyifu. Majina yatafutwa. Sheria iko hivyo, siibadilishi mimi."

Tusekile alikuwa amesimama kwenye pazia la chumba cha nyuma, amesikia kila kitu, na sikumfukuza. Nilimwambia yule mzee waniweke mimi ndani, wanifungulie kesi, wafanye watakavyo, wawaache watoto. Nilisema nikiwa nalia, bila kujali ananionaje.

"Hakuna anayekutaka jela, mama. Kwa mwingine tungeuita wizi. Kwako wewe, Mgao unauita kipaji." Aligeuza kile kibao. Kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma. "Nimelifungua dirisha la maombi upya, kwenye mashine yako hii tu, mpaka saa saba mchana. Kila mmoja anaweza kuhojiwa tena. Akijibu mwenyewe ni saa nzima, maswali yote mia mbili."

"Saa saba ni saa nne kutoka sasa."

"Ndiyo."

"Watu wanne."

"Au wajibiwe na wewe, rasmi. Kwako hayahitajiki mia mbili, matano yanatosha. Dakika nne kwa mtu. Watapata kozi za kweli, wote, ualimu, udaktari, chochote vidole vyako vitakachosema kinamfaa. Hakuna atakayefutwa, na wewe utabaki hapa hapa na duka lako."

Nilimtazama. Mtu hakuletei kitu kizuri hivyo na mwavuli mkononi asubuhi ya mvua bila sababu.

"Na nyinyi mnapata nini?"

"Mara ya kwanza ulifanya bila idhini, kwa hiyo sheria haituruhusu kuitumia kazi yako. Ukifanya leo kwa hiari, ni halali. Mgao utakuwa umepata mfano wake."

"Mwaka ujao watoto hawataulizwa."

"Hawatasumbuliwa," alisema Bwana Chiponde. "Chai yako ni nzuri sana."

*

Walikuwa wameshajaa barazani, wao na mama zao, kwa sababu ilikuwa siku ya safari na kila mtu alitaka kuniaga. Walivaa nguo za kanisani. Bupe alikuwa amesukwa upya. Hakuna aliyekuwa na begi, na mama mmoja aliyeshindwa kuvumilia alikuwa amefungia ndizi za kuchoma kwenye leso.

Nikatoka, nikawaambia. Sikupamba. Niliwaambia nimewajazia vibaya, kwamba mashine haikuwaona wao hata mmoja, iliniona mimi, na kwamba wakipanda gari lile watafutwa. Niliwaambia habari ya dirisha, saa nne, watu wanne kwa mikono yao au wote kwa wangu. Nikawaambia pia lile la mwaka ujao, kwamba nikikubali basi hakuna mtoto atakayeulizwa tena kitu, si hapa, si popote.

Nilitegemea watanipiga. Nilistahili. Mama yake Gwakisa akajipenyeza mbele.

"Atu mwanangu, usituletee falsafa," alisema. "Jaza."

"Mama, mmesikia nilichosema?"

"Tumesikia. Wewe umewahi kumwandikia mtu wa hapa jambo baya? Barua ya shamba langu aliandika nani? Huyu Gwakisa akijibu mwenyewe atapata nini? Mwulize sasa hivi anataka kuwa nani, uone."

Nikamgeukia Gwakisa. Akaangalia viatu vyake. "Dada, andika unavyoona," alisema.

Nikamuuliza Bupe. Andika tu, Dada. Nikamuuliza Anyisile, nikamuuliza binamu yake. Walikuwa wananijibu kwa upole, kama wanaona aibu kwa niaba yangu kwamba nauliza jambo lililo wazi. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyomwogopa yule mzee. Niliwafundisha mimi. Miaka kumi na moja kila aliyekuja kwangu na maneno yake alitoka na yangu, akashukuru.

"Mimi sitaki uniandikie," alisema Tusekile nyuma yangu.

Watu wote waligeuka. Kucha zake bado zilikuwa na rangi ya mboga za jana.

"Wewe si ndiye wa kwake," alisema mama mmoja. "Wewe ndiye angekuandikia vizuri kuliko wote."

"Najua. Ndiyo maana."

Akaingia ndani, akavuta kiti changu, si kigoda, akaweka kidole gumba kwenye kisomeo. Bwana Chiponde alipiga hesabu haraka kwa macho. Saa nzima kwa huyu, zinabaki tatu, na arobaini na wawili kwa dakika nne kila mmoja ni saa mbili na dakika arobaini na nane. Akanitikisia kichwa kwamba inawezekana.

Nilikaa kwenye kigoda kwa mara ya kwanza tangu nifungue duka. Ni kifupi, magoti yanakuja juu, skrini unaiona kwa pembeni. Tusekile alichapa kwa kidole kimoja. Aliandika herufi, akaitafuta nyingine. Alifuta sentensi nzima, akakaa anatazama ukuta. Huko barazani watu walianza kuguna, na mimi mwenyewe mikono ilikuwa inawasha. Kila neno alilokwama nalo mimi nilikuwa nalo tayari kwenye ulimi. Nikaweka mikono chini ya mapaja, nikaikalia.

Swali la sitini na moja likafika. *Unaogopa nini?* Akasita. Nikahesabu mpaka ishirini na tatu. Kisha akaandika, pole pole, akijua niko ubavuni kwake: *Mama mdogo akinipenda hivi hivi mpaka nisibaki na langu.*

Nilitazama mlangoni. Yeye hakunitazama.

Saa nne na dakika tatu jibu lake likatokea. *Ufundi wa mitambo ya kukaushia chai. Miaka miwili.* Mama mmoja dirishani alilisoma kwa sauti, na baraza zima likamwonea huruma. Miaka miwili, na mafuta ya mashine kwenye nguo, akirudi ni kiwandani. Lile gauni jeupe nililomshonea kichwani nililiona linaondoka, na moyo uliniuma sana, siwezi kudanganya. Lakini Tusekile alikuwa anacheka peke yake. Tangu mdogo alikuwa anafungua redio zangu.

"Nani anafuata?" niliuliza. "Mtu mmoja tu. Akae hapa, ajibu mwenyewe. Nitasubiri."

Hakuna aliyesogea. Waliangalia saa kwenye kibao, kisha wakaangalia mikono yangu. Saa moja kwa mmoja mwingine maana yake kumi na wawili hivi wakose, na kila mama barazani alikuwa ameshaipiga hiyo hesabu.

"Mama mdogo," alisema Tusekile taratibu. "Usikubali."

"Wewe umeshapata," mama yake Gwakisa alimwambia, bila ukali. Ilikuwa kweli.

Nilifikiria hao laki nane wa mwaka ujao. Nilijaribu kwa dhati. Lakini sikuwa na sura yao hata moja, na hawa nilikuwa na sura zao arobaini na mbili mlangoni, zimelowa, na nguo za kanisani.

"Unakubali kwa hiari?" aliuliza Bwana Chiponde.

"Nakubali."

Gwakisa akakaa kwenye kigoda. Nikamuuliza anaogopa nini, nikageuka kabisa nimtazame usoni, akatabasamu akaniambia andika. Nikaandika. Bupe naye nilimtazama. Anyisile nilimtazama kidogo. Kufika wa kumi na mbili sikugeuka tena, nilisikia kigoda kinalia nikajua kuna mtu. Kufika wa thelathini sikusoma swali. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe, na majibu yalitoka mazuri, udaktari, uhandisi, sheria, na kila jibu lilipotokea baraza lilipiga vigelegele. Nilikuwa nasikia raha. Na hilo niliseme.

Wa mwisho alisimama saa saba kasoro dakika tatu. Nikanyanyua mikono nikainyoosha viungo.

Skrini ikaendelea kuandika.

Nilitazama kibodi, nikatazama mikono yangu hewani. Jina lilikuwa Somoe Chilumba, wa Nachingwea. Simjui, na Nachingwea sijafika. *Unaogopa nini?* Jibu lilikuja bila kusita: *Ninaogopa kumwona mgonjwa anateseka wakati ningeweza kumsaidia.* Likatokea jina lingine, la Biharamulo. Sentensi ile ile, mpaka nukta. Kisha majina yakaanza kupita haraka nisiweze kuyasoma.

"Zima," nilimwambia Bwana Chiponde.

"Nizime nini, mama? Anayejibu ni wewe."

Alikuwa anavaa sweta lake vizuri, anatafuta mwavuli. Tusekile akainama chini ya meza, akachomoa waya ukutani. Skrini ikawa nyeusi. Yule mzee hata hakugeuka, akaagana na watu barazani mmoja mmoja, akaondoka na ile mvua.

Tulibaki mimi na Tusekile tunatazama skrini nyeusi. Huko nje simu ililia, kisha nyingine, kisha nyingi kwa pamoja. Mama yake Gwakisa akaingia na yake mkononi, uso umechangamka.

"Atu, hebu nisomee. Ni ya Tumpe, mdogo wake Gwakisa."

Tumpe yuko darasa la nne. Nilisoma. *Hongera, Tumpe Mwakibete. Mgao umekupangia Uuguzi.*

"Hajaulizwa kitu," nilisema. "Mama, mtoto ana miaka tisa. Hajaulizwa hata jina."

"Sasa aulizwe nini na wewe upo?" alisema. Akaushika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akaubusu, akanishukuru.